Picha ya Cuca Kwenye Meza ya Wafu

Ilianza na supu. Cuca Arizmendi alionja kijiko kimoja, akasukuma bakuli.

"Shangazi, leo umesahau chumvi?"

Shangazi Chole alimlea Cuca na kumvalisha tangu alipokuwa binti wa kucheza kwenye hema la maonyesho, na hakupenda kuambiwa hajui kupika. Akaonja ya sufuriani: chumvi ipo, pilipili ipo. Akaonja ya bakuli la Cuca. Maji matupu. Nywele zikamsimama, maana wafu ndio hula hivyo. Kwetu kila Novemba tunawatandikia meza ya mkate, maji, maua ya manjano na picha zao, na wakishaondoka mkate hubaki mzima, ila ladha wameondoka nayo.

Sasa sikia ujinga wenyewe. Filamu zetu zama zile hazikuwa na sauti, na Mexico nzima hapakuwa na mwigizaji aliyejua kufa kama Cuca. Alikufa kwa kisu, alikufa kwa kifua kikuu, watu wakalowesha leso. Katika filamu yake mpya alikuwa bibi harusi aliyekufa, na mama yake anamtandikia meza. Mwongozaji, Hilario, akataka kila kitu kiwe cha kweli: mkate wa kweli, maua ya kweli, na picha ya Cuca mwenyewe katikati.

"Picha ya mtu hai haiwekwi pale," Chole alimwonya Cuca. "Atakuja mfu asiye na kwao, ale kwa jina lako."

"Shangazi nawe. Nimekufa mara ngapi, na soksi zangu bado unafua?"

Baada ya ile supu, Cuca alikula na kukonda. Kabati la nguo likanuka maua ya wafu ilhali ni Machi, na kila Cuca alipoketi mezani Chole alisikia nyuma ya kiti chake mtu akitafuna taratibu, akimeza, akivuta pumzi, kisha akitafuna tena, na alipogeuka hakuona mtu ila ile harufu ikamjaa puani hadi akashindwa kusali.

Wakamwita mganga, Mama Tránsito. Akampitishia Cuca yai mwilini, akalivunja ndani ya bilauri. Halikuwa na kiini.

"Meza ivunjwe," alinong'ona.

"Ilishavunjwa," Chole akajibu.

"Na ile iliyo kwenye filamu? Kila ikionyeshwa, inatandikwa upya. Ichomeni kabla watu hawajaiona."

Mchana huo Cuca aliingia stoo ya studio na kiberiti, Chole nyuma yake. Akavuta utepe wa filamu, akautazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ndiyo bora kuliko zote, Shangazi. Nikiichoma nitakuwa nani?"

"Utakuwa hai, mwanangu."

Cuca alilia sana. Kisha akarudisha kiberiti mfukoni.

Jumapili filamu ikaonyeshwa, ukumbi ukafurika. Chole aliushika mkono wa Cuca, baridi kama chuma. Meza ilipotokea kwenye pazia la sinema, mkono ule ukapata joto ghafla.

"Nina njaa, Shangazi," sauti ilimwambia sikioni, kwa uchangamfu.

Chole nusura alie kwa furaha. Akatoa mkate mkobani, akampa, naye akala kwa pupa. Chembe ikaangukia gauni la Chole. Akaiokota, akaiweka ulimini. Haikuwa na ladha yoyote.

Akainua macho polepole. Kwenye pazia bibi harusi alipaswa kulala amefumba macho, hivyo ndivyo walivyompiga picha, Chole mwenyewe alikuwepo akishika shela. Lakini sasa alikuwa amesimama nyuma ya meza, akigonga kwa viganja kama mtu aliyefungiwa nyuma ya dirisha, akikitazama kiti cha Chole, na midomo yake ikitamka neno lilelile bila sauti, Shangazi, Shangazi.

"Hajawahi kufa vizuri hivi," mtu wa nyuma alisema, akijifuta machozi.

Na yule wa pembeni akaubana mkono wa Chole. "Mkate mwingine upo?"