Vijiwe Visivyotaka Maji

Lifti moja ilikuwa imekufa tangu juzi, na ile iliyobaki ilipofungua mlango, watu waliingia kama wanaokimbia mvua. Redio aliingia nao. Alikuwa msusi katika saluni ya ghorofa ya juu kabisa, na jina hilo alipewa na wateja wake kwa sababu akishaanza kuongea hana kitufe cha kuzimia. Asubuhi hiyo alivaa gauni la zambarau lililomkaa kana kwamba lilishonwa yeye akiwa ndani, na kilemba cha hariri cha rangi hiyo hiyo. Kwa hiyo alisimama wima, kifua mbele, akiwapa watu nafasi ya kutazama bila kujisumbua.

Nyuma yake alisimama mwanamume mwenye ovaroli ya buluu, amekumbatia boksi la mimea. Watu wakasukumana, kilemba kikanasa.

"Usijivute," sauti nzito ikasema karibu na sikio lake. "Utaumiza."

"Nitakuumiza wewe?"

"Siyo mimi. Huyu."

Huyu alikuwa dungusi mmoja mfupi, mnene, wa mviringo kama kichwa cha mtoto aliyekataa kuchanwa, na miiba yake ilikuwa imeishika hariri kwa upendo mkubwa. Hapakuwa na nafasi ya kugeuka. Wakapanda hivyo hivyo, ghorofa baada ya ghorofa, watu wakishuka na kuwaangalia. Redio akamwambia kwamba amezoea wanaume kumng'ang'ania, ila wengi huanza na salamu. Mwanamume hakucheka, lakini masikio yake yalibadilika rangi.

Kule saluni mwanamume akaomba kibano cha nyusi. Alitoa mwiba mmoja mmoja, ncha ya ulimi ikiwa imechungulia pembeni mwa mdomo, na wanawake waliokuwa chini ya madrayari wakainua vifuniko ili wasikose kitu. Hariri ilitoka bila tundu. Redio akautazama ule mkono uliokuwa na grisi kwenye kucha na utaratibu kwenye vidole, akawaza kwamba mkono wa namna hiyo haustahili kuishia kwenye kilemba. Mengine aliyowaza aliyaweka kiporo.

Kumbe alikuwa fundi wa lifti, ndiye aliyeitwa kuitengeneza ile iliyokufa. Mama yake alifariki mwaka uliopita, na asubuhi hiyo alikuwa amerudisha nyumba aliyopanga marehemu kwa mwenye nyumba. Vitanda vilikuwa kwenye lori, lakini mimea ya mama hakuthubutu kuiacha humo.

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoanza, na yalianza kwa simu.

"Niko juu yako," fundi alikuwa akisema.

"Mchana wote huu?"

"Juu ya lifti. Niko kwenye mashine, juu ya dari yenu."

"Basi shuka, mpenzi, kabla hujanitia majaribuni mbele ya wateja."

Redio ndiye aliyeongea, fundi ndiye aliyesikiliza, na kwa miezi kadhaa kila mmoja aliona amepata alichokikosa. Wanawake wa saluni walimwita fundi Bwana Bubu, wakamuuliza Redio kama huwa anajibu hata kwa kutikisa kichwa. Redio akawaambia kuna maswali hujibiwa vizuri zaidi bila maneno. Wakanyamaza, wakayafikiria.

Halafu ikaja kazi ya mbali. Jengo jipya katika mji mwingine lilitaka kufungiwa lifti, na fundi angekaa huko msimu wote wa baridi. Jioni ya kuaga alileta mimea chumbani kwa Redio, akaipanga dirishani, akamfundisha. Mama yake alikuwa amefunga nyuzi shingoni mwa vyungu. Uzi wa buluu maana yake mmea huo kwao mvua hunyesha wakati wa baridi, kwa hiyo unywe sasa. Uzi mwekundu maana yake kwao mvua huja na joto, sasa umelala, usiuamshe hadi jua lirudi. Fundi aliongea jioni ile kuliko alivyowahi kuongea, na Redio akajigundua ana wivu kidogo, wa kuionea mimea.

Chungu kimoja hakikuwa na uzi. Ndani yake palikuwa na vitu kama kokoto, vya mviringo, vimepasuka katikati.

"Hivi vijiwe navyo?"

"Ni mimea. Kwao mvua ni bahati tu. Sasa hivi vinabadilisha ngozi, majani ya zamani yanakauka ili mapya yaliyo ndani yanyonye maji yake. Utaviona vimekunjamana, utavihurumia. Usivipe kitu."

"Hata tone?"

"Hata tone. Mama alivipenda hivi kuliko vyote."

"Kuliko wewe?"

Fundi akafikiri kwa uaminifu. "Mimi nilikuwa nakula sana," akasema.

Mwanzoni simu zilikuja kila jioni. Kisha zikapungua. Ndani ya shimo la lifti mtandao haufiki, na akitoka humo fundi alikuwa mtu aliyechoka na asiye na la kusema. Redio alikuwa akipiga, simu inalia hadi inakatika. Anapiga tena. Akipata jibu lilikuwa "niko salama" au "nitakupigia," kisha kimya, na kimya kile kilimwingia kama baridi ya dirishani.

Sasa msusi akiona kitu kikavu anajua dawa yake. Maisha yake yote amekutana na vichwa vilivyokauka vikakatika, akavipulizia maji, akavipaka mafuta, vikainuka. Na vile vijiwe vilikuwa vinakunjamana kila siku, vinazama kwenye mchanga kama mashavu ya mgonjwa. Siku moja alipiga simu isipokelewe, mkono ukaenda kwenye chupa ya kupulizia aliyokuja nayo kutoka saluni. Fyu. Tone halimuui mtu. Kesho yake simu haikupokelewa tena. Fyu, fyu. Ikawa kila simu iliyokosa mtu, vijiwe vilipata mgao wake. Na vikavimba, vikang'aa, Redio akafurahi akaviambia kwamba angalau wao wanajua kupokea.

Baada ya muda vikalainika. Alipogusa kimoja, kidole kikazama kama kwenye sabuni iliyosahauliwa bafuni, na harufu iliyotoka haikuhitaji maelezo.

Alilia mpaka kope za bandia zikamtoka. Kisha akajifuta, akavaa, akazunguka kwa wauza maua wote wa mji mpaka akavipata vingine vinavyofanana. Akavipanda kwenye chungu kile kile. Jioni ile fundi akapokea simu.

"Mimea haijambo?"

"Haijambo, laazizi. Inakusalimu."

Fundi alirudi baridi ilipoanza kulegea. Alikuwa amekonda, shati likimning'inia mabegani. Alimkumbatia Redio kwa muda mrefu, kisha akaenda dirishani, akainama juu ya chungu kile. Akatazama. Hakusema neno. Hakusema siku iliyofuata pia, wala wiki iliyofuata. Alikula, akatengeneza bomba lililokuwa linavuja, akakaa akitazama sakafu. Kila alipoelekea dirishani Redio alianza kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Mwishoni alishindwa. Alikuwa saluni, madrayari yanavuma, akampigia fundi na kummwagia yote palepale, kuanzia chupa hadi wauza maua, huku wateja wakijifanya wanasoma simu zao. Alilia waziwazi. Akasema kwamba amemuua mama yake mara ya pili, na kama anataka kumwacha amwache kwa mdomo wake.

Upande wa pili alisikia pumzi tu. Kisha simu ikakatwa. Alipofika nyumbani jioni, mimea yenye nyuzi ilikuwapo yote. Kile chungu kisicho na uzi hakikuwapo, wala begi la fundi.

Safari hii Redio hakupiga. Alishika simu, akaiweka. Alishika chupa, akaiweka. Wateja wake walisukwa vichwa vizima bila kusikia habari ya mtu, na mmoja akauliza kwa hofu kama saluni imepata msiba. Gauni la zambarau lilibaki kwenye msumari. Kitu kimoja tu alikifanya kwa bidii. Joto liliporudi, aliacha kuinywesha mimea ya nyuzi za buluu, akaanza na ya nyuzi nyekundu, kama alivyofundishwa.

Fundi alikuja mchana wa siku yenye wateja wengi. Alisimama mlangoni na ovaroli yake, chungu kwapani. Redio alikuwa anaosha kichwa cha mteja, mikono imejaa povu.

"Naomba tutoke nje kidogo," fundi akasema.

"Mimi nililia hapa hapa, mbele ya hawa. Sema hapa."

Mtu mmoja akazima drayari yake. Wenzake wakazima zao. Fundi akakitoa chungu kwapani, akakishika kwa mikono miwili.

"Vya mama vilikufa zamani. Niliviua mimi, baada ya mazishi. Nilikuwa navimwagia maji kila siku, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono. Nikanunua vingine nikavitia humu. Hata dada yangu mkubwa hajui, akija anavishika na kulia."

Povu likaanza kumshuka Redio viwikoni.

"Kwa hiyo mimi nimeua vya dukani."

"Ndiyo."

Chini ya drayari mtu alikohoa kicheko. Redio hakucheka.

"Na ulijua. Nikakwambia nimemuua mama yako, ukajua siyo, ukaniacha nao huo mzigo."

"Nilijua ni vingine siku ile ile niliyorudi. Nikaogopa kwamba tukianza kuongea itabidi niseme na la kwangu. Niliona aibu. Kwetu mtu akiona aibu hunyamaza. Baba na mama waliweza kumaliza msimu mzima bila neno, na walipendana."

"Kwetu ni mabinti watupu na mama yetu, tunaongea hata usingizini. Ukinyamaza, mimi sijui kama umelala au umekufa." Akakung'uta povu mikononi. "Umejua kila chungu kwao ni wapi, kinakunywa lini. Mimi hujawahi kuniuliza."

"Niambie."

"Kwetu mvua hunyesha mwaka mzima. Siyo mafuriko. Kidogo, kila siku."

"Na mimi usinivamie na chupa kila nikikunjamana," fundi akasema polepole. "Mara nyingine nabadilisha ngozi tu."

"Jamani," akasema mteja kutoka kwenye beseni, "mimi povu linaingia machoni, lakini msiache."

Redio akamsuuza. Alipomaliza, akachukua kile chungu akakiweka dirishani mwa saluni, mbali na chupa zake. Akamwambia fundi kwamba hajamsamehe, na kwamba habari ya kurudi wataizungumza akishamwambia dada yake ukweli, kwa mdomo, macho kwa macho. Fundi akaitikia kwa kichwa. Redio akamtazama tu, akisubiri.

"Sawa," fundi akasema, kwa sauti. "Nitamwambia."

Siku kadhaa zilipita. Kisha simu ikalia.

"Nimemwambia dada."

"Akasemaje?"

"Amenyamaza."

"Basi ni wa kwenu kweli."

"Nimekaa naye mpaka akaongea. Kanisema sana." Akavuta pumzi. "Sasa niko juu ya lifti."

"Una shida gani?"

"Sina. Nimepiga tu."

Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile hakutoa neno. Aliegemea dirisha, vile vijiwe vimekunjamana karibu na kiwiko chake, vikavu, chupa ikiwa mbali. Akasikiliza nyaya zikilia na mtu wake akihema, lifti ikipanda taratibu.