Nyuki wa Kikapu cha Mwisho

Jumamosi hiyo Evaresta alikata majani ya ng'ombe mapema, akanawa miguu, akashika njia ya kuteremkia shuleni, kisahani kikiwa kwapani. Shule yao ilikuwa kwenye miteremko ya Mlima Meru. Katika msitu mdogo nyuma ya madarasa, Mwalimu Nelson alikuwa ametengeneza kiwanja kifupi cha gofu ya visahani. Mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kati ya miti mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo. Anayerusha mara chache zaidi ndiye mshindi.

Siku hiyo mwalimu alikuwa anachagua timu ya kwenda kushindana Arusha mjini. Wachezaji walitawanyika msituni wawili wawili. Evaresta alipangwa na Abdiel, jirani yake aliyekuwa akisoma naye darasa la sita. Walipofika kikapu cha mwisho, Abdiel alikuwa anaongoza kwa mrusho mmoja.

Njia ya kwenda kwenye kikapu hicho ilizunguka miti iliyotundikwa mizinga ya nyuki ya Mama Violet, mfuga nyuki aliyeishi karibu na shule. Mwalimu alikuwa amefunga kamba nyekundu pale na kuwaonya: mtu asirushe juu ya kamba, na kisahani kikivuka, kiachwe. Lakini aliyekata moja kwa moja angeokoa mrusho mzima.

Evaresta aliangalia huku na huku. Mwalimu hakuonekana. Akarusha. Kisahani kiligonga tawi, kikadondoka chini ya mzinga.

“Nenda ukanichukulie,” alimwambia Abdiel. “Wewe una mbio.”

“Mwalimu amekataza, Eva.”

“Nani atamwambia? Bila kisahani sitamaliza mchezo.”

Abdiel alisita, kisha akainama, akapita chini ya kamba. Hakuwa amekifikia kisahani wakati nyuki, waliokwisha kuchokozwa na lile tawi, walipomiminika kutoka mzingani. Evaresta aligeuka akakimbia. Nyuma yake alimsikia Abdiel akimwita kwa jina, lakini miguu yake haikusimama.

Barabarani wanafunzi wote waliokimbia nyuki walikuwa wamekusanyika, wengine wakijikung'uta nywele. Mwalimu Nelson aliwatazama mmoja mmoja.

“Abdiel yuko wapi?”

Macho yote yakamgeukia Evaresta.

“Alikimbia mbele yangu,” alisema. “Nadhani ameenda kwao.”

Mwalimu alishusha pumzi. Akamtuma Godwin, mkubwa kuliko wanafunzi wote pale, aende kwa kina Abdiel kuhakikisha.

Evaresta alikuwa ameumwa na nyuki shingoni, lakini maumivu hakuyasikia. Akisema kweli, timu ataikosa na baba yake atapata habari. Asiposema, Godwin atapanda mlima wote ule bure, na muda wote huo Abdiel atakuwa kule. Mvumo wa nyuki ulisikika mpaka barabarani. Godwin akapotea kwenye migomba.

“Mwalimu,” alisema hatimaye. “Nimesema uongo. Hakwenda kwao. Yuko kwenye mizinga. Nilirusha juu ya kamba, nikamtuma anichukulie kisahani.”

Mwalimu hakumkaripia. Alimkimbilia Mama Violet, ambaye alikuwa amesikia kelele na sasa anafika na mavazi yake ya kulinia asali na kopo la kufukizia moshi.

“Upande gani hasa?” Mama Violet aliuliza.

“Chini ya mti wa kwanza, ukishapita kamba.”

Mwalimu alijifunika koti kichwani, wakaingia wote wawili. Moshi ulipanda taratibu kati ya miti.

Walitoka wakiwa wamembeba Abdiel. Walikuwa wamemkuta ameanguka mtaroni, shati amelivuta kichwani. Uso ulikuwa umevimba, macho yamefumba, na kila pumzi ilitoka kwa mluzi mwembamba. Mwalimu alimpakata kwenye pikipiki ya abiria iliyokuwa inapita, wakaondoka kasi kwenda zahanati. Evaresta na Mama Violet walifuata kwa miguu.

Walikaa kwenye benchi muda mrefu kabla muuguzi hajatoka.

“Dawa imeanza kufanya kazi, anapumua vizuri,” alisema. “Mngechelewa zaidi, koo lingeziba kabisa. Nani aliyejua alipokuwa?”

“Huyu hapa,” Mwalimu Nelson alijibu.

“Umefanya vema, mwanangu.”

Evaresta alitikisa kichwa. “Ni mimi niliyemtuma, nesi. Halafu nikaficha.”

Mwalimu aliketi karibu naye. “Mwaka huu timu umeikosa, hilo unalijua. Kurusha pale kulikuwa ukaidi, ningekuadhibu yakaisha. Lakini ulipodanganya, ulitufanya tumtafute Abdiel mahali asipokuwapo. Ukikosea, sema hapo hapo, wakati bado kuna cha kuokoa. Leo ulichelewa, ila ulisema ukweli ukiwa bado unafaa kitu. Sasa ingia ukamwone.”

Evaresta aliingia. Abdiel hakuweza kufumbua macho, kwa hiyo ilimbidi aanze kwa kutaja jina lake mwenyewe, ndipo akaomba msamaha.