Waya Kidoleni mwa Linda

Siku ya tatu wodini, Linda aliomba ndizi. Mama yake, Nyamoita, alicheka hadi machozi yakamtoka, maana mtoto huyo wa miaka mitano alikuwa amelemewa na homa ya mapafu, hata chakula hagusi. Jua la asubuhi liliingia dirishani, wodi ikatulia.

Mara muuguzi, Sista Nyanchoka, akaja kuutoa waya wa kidoleni, uliopima oksijeni mwilini na kuionyesha kwa namba kwenye mashine.

"Ako sawa sasa, Mama Linda. Imebaki tu dripu ya mchana. Mwache akae nje kidogo, asikie jua."

"Hapana, sista! Usiguse hiyo!"

Ndugu zangu, msimcheke. Kule kwao Ikonge, Nyamoita ni karani wa kupima majani ya chai. Kila siku wachumaji humlalamikia kwamba magunia yao ni mazito kuliko anavyosoma, naye jibu lake ni moja: mzani umesema. Yeye haamini jicho la mtu hata kidogo. Sista akaogopa lawama, akauacha waya.

Basi mama akakaa na namba, mtoto akakaa peke yake. Linda akijigeuza tu, mashine ililia, na Nyamoita akamkemea atulie. Siku hiyo ilikuwa Sabato, na kina mama wa kanisa walitoka Kebirigo kumwona. Nyamoita akawazuia mlangoni, wasije wakauvuta waya. Walimwombea wakiwa koridoni, wakaenda zao. Linda aliwasikia, akageukia ukuta.

Mchana, dripu ikiwa imeunganishwa mkononi, Linda akanong'ona, "Mama, mkono inaniuma."

Nyamoita akatazama mashine. "Tisini na saba. Uko sawa."

"Inauma, mama."

"Nimesema uko sawa!"

Linda akauficha mkono chini ya shuka. Sista alipokuja kuitoa dripu, alifunua shuka akashtuka. Sindano ilikuwa imetoka kwenye mshipa, dawa ikamwagikia chini ya ngozi, na mkono mzima ulikuwa umevimba.

"Mungu wangu! Kwani hakusema?"

Waya ulitolewa saa ileile, na mkono ukapona baada ya wiki. Lakini siku zote zilizobaki wodini, Linda akiumwa alimwita Sista Nyanchoka, ilhali mama yake ameketi palepale kitandani. Nyamoita hakuwahi kujua upweke kama huo.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mashine ikihitajika, iacheni ifanye kazi. Wahudumu wakisema haihitajiki tena, waulizeni sababu, muwasikilize. Nanyi wahudumu, msituogope, tuelezeni. Na mtoto akisema anaumwa, mtazameni yeye kwanza.