Nilimkataza Mtani Wangu Huku Natabasamu

Nina miaka arobaini na minne, mama wa watoto wawili, Mnyamwezi wa Tabora niliyeletwa Kigoma na kazi. Nilikuwa Mkuu wa Usalama na Taratibu katika kampuni ya malori na maghala. Sasa hivi nauza dagaa sokoni Kibirizi. Naandika haya macho makavu... machozi yameisha, au labda hayajaanza, hata sijui.

Ukiondoa vikao na makaratasi, kazi yangu ilikuwa moja tu: gari bovu lisitoke getini. Nilikuwa na mamlaka ya kumnyang'anya dereva yeyote funguo, hata mkurugenzi akinuna. Nilivyokuwa nayaringia mamlaka hayo, jamani!

Issa alikuwa dereva wetu, Muha wa Kasingirima. Waha na sisi ni watani, basi tulitaniana tangu wiki niliyoripoti. Kila asubuhi getini namwambia gari lake haliondoki mpaka samaki wangu, mgebuka mnono, afike mezani. Naye hujibu kwamba babu zangu walibeba mizigo ya watu kwa miguu mpaka Ujiji, sasa mimi ubavu wa kuizuia nimeutoa wapi? Walinzi wanacheka, geti linafunguliwa. Mkewe, Zuhura, aliniita "mpagazi wangu." Sikukuu ananipikia ugali wa muhogo, namwambia ameniwekea sumu, na sahani namaliza. Sikuwa na ndugu Kigoma, wao ndio walikuwa ndugu zangu.

Asubuhi moja fundi mkuu akanifuata ofisini. Akasema breki za lori la Issa zinapoteza upepo. Kupanda Kalinzi likiwa tupu litapanda, ila kushuka na shehena ya kahawa, yeye hamshauri mtu.

Sijainuka kitini, simu ikaita. Mkurugenzi. Kahawa ya Kalinzi lazima iingie ghalani leo, meli inasubiri, na malori mengine yote yako safarini. Nikamweleza habari ya breki. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimechoka kazi.

Nikaenda getini. Issa alikuwa ameshawasha gari. Nilipaswa kufanya nini? Kunyoosha mkono nichukue funguo, basi, yaishe. Badala yake nikasimama palepale ninaposimama kila siku.

"Issa, gari lako haliondoki leo."

Na nikatabasamu... Mungu anisamehe, nilitabasamu.

"Mpagazi wewe, mgebuka wako utampata jioni," akanijibu.

Walinzi wakacheka, geti likafunguliwa. Mimi nikarudi ofisini nikanywa chai.

Je, nilijua ninachofanya? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nadhani nilijua. Nilitaka iwe nimemkataza dereva, na papo hapo iwe sijamkatalia bosi.

Mchana tukapigiwa simu. Lori lilimshinda kwenye mteremko wakati anashuka na mzigo. Mbele yake kulikuwa na akina mama wanatoka sokoni, akalipeleka korongoni mwenyewe ili asiwaparamie. Hakutoka mzima.

Msibani Wanyamwezi wenzangu wakaanza utani, kama desturi. Mmoja alivaa koti la marehemu, akashika ungo kama usukani, akawa anapiga honi kwa mdomo. Watu wakacheka huku wanalia. Kisha wakanisukuma katikati, zamu yangu. Nikapokea ungo, nikauweka chini. Zuhura akawaambia waniache, nimezidiwa na uchungu. Yeye ndiye aliyenitetea!

Baadaye mkurugenzi akaitisha kikao na watu wa bima. Kaka yake Issa alikuja kumwakilisha Zuhura, aliyekuwa edani. Mkurugenzi akasema dereva alikaidi amri halali, hivyo familia haina haki ya fidia. Walinzi wakaulizwa, wakasema ni kweli, walinisikia kwa masikio yao nikimkataza. Hawakudanganya hata kidogo. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Nilichotakiwa kusema ni "ndiyo" tu. Ningebaki na kiti changu na jina safi, na watoto wa Issa wangekula jina la baba mkaidi.

"Hakukaidi," nilisema. "Fundi alishaniambia breki mbovu. Nikamtania badala ya kumnyang'anya funguo."

Jioni ile ile sikuwa na kazi. Mkurugenzi aliapa hajawahi kunipigia simu kuhusu lori hilo. Nimeshtakiwa mimi peke yangu, na kesi naiendea mpaka leo. Fidia ililipwa, na nilipoambiwa sikusikia raha wala uchungu, kama vile wanazungumza habari za watu nisiowajua.

Eda ilipoisha nikaenda Kasingirima kwa Zuhura. Nilijiandaa kutukanwa. Kusema kweli nilitamani anitukane, aniite mpagazi, aniite muuaji, lolote. Zuhura akatoka mlangoni, mwanamke wa rika langu, tuliyekuwa tunavutana naye kanga, akakunja goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Akanipa kiti. Akanishukuru kwa kusema ukweli. Akaniletea chai, akakaa mbali, akaniuliza hali ya watoto, heshima tupu. Nikajaribu kumtania, nikamwambia chai yake imeogopa sukari. Akasema, "Ndiyo, mama," akaniongezea sukari. Nikainywa yote, nikaaga.

Ndugu msomaji, sijui wewe umepewa kulinda nini. Geti, ghala, wodi, darasa... Siku ya kusema hapana, iseme uso mkavu, chukua funguo, nenda nazo. Usiifiche ndani ya kicheko ili kila mtu aendelee kukupenda, nakuomba sana. Uliyemkatalia atanuna, atakusema mtaa mzima, jioni atapita kwako bila salamu. Lakini atapita.