Kilio cha Mama Jeanne Ndani ya Filamu

Mtu wa mtaa wetu wa Kapata akikwambia kwamba yeye hakupiga makofi, mwongo huyo. Tulipiga sote, na mimi ninayesimulia nilipiga mpaka viganja vikauma. Kwa hiyo nitasema yote yalivyokuwa, maana aibu hii si ya Mechack peke yake.

Ilianza kwa maji. Jémima, mke wa Mechack, alikuwa na bidoni tatu, madumu ya maji, nyuma ya mlango wa jikoni, na asubuhi moja aliikuta moja tupu. Haikuvuja, sakafu ilikuwa kavu. Akamtania mumewe kwamba siku hizi anaoga kwa siri, wakacheka. Kesho yake zilikuwa tupu mbili, na mshikio wa mojawapo ulikuwa na matope mabichi yenye chembe za kijani, matope ya shimo la shaba. Ulikuwa mwezi wa nane, Kolwezi nzima ni vumbi, hata mbwa wanapiga chafya. Mechack aliyafuta kwa kidole. Tangu mwezi wa tatu alikuwa hajashuka shimoni.

Aliacha kuchimba akaingia kwenye montaji. Alichukua filamu za ng'ambo, zile za mashujaa wanaoruka na kusimamisha treni kwa mkono, akafuta muziki wote wa wenyewe, akaweka wa kwetu. Ya kwanza aliiwekea magitaa ya rumba, na shujaa alipopigana na majitu ukaona kabisa kwamba anacheza. Tulicheka mpaka machozi. Vijana wa Fungurume na Tenke wakakopiana kwenye simu, wakamwandikia wakidai nyingine. Lakini kuchekesha hakukumtosha Mechack. Alitaka siku moja ukumbi mzima unyamaze.

Alikuwa na filamu ya shujaa wa barakoa ya fedha. Katikati ya hiyo filamu mji unamwangukia, mawe yanamfunika, watu wanakata tamaa, kisha anainuka polepole kutoka chini na kuruka. Wenyewe waliweka tarumbeta pale. Mechack alizifuta, akajaribu ngoma, akajaribu kwaya, hakuna kilichoshika. Ndipo akakumbuka sauti aliyokuwa ameihifadhi kwenye simu yake.

Ilikuwa sauti ya Mama Jeanne, muuza makala, ule mkaa wetu wa kupikia. Mwanawe Samy alichimba pamoja na Mechack miaka minne. Mwezi wa tatu shimo lilimwangukia Samy, na mwili haujapatikana mpaka leo. Sasa, kwetu, maiti isipotoka, kilio kina namna yake. Mama mzazi anakaa chini na kumwita mwanawe kwa jina, anamwonyesha njia: pita hapa kwenye reli, hapa ni soko, hapa ni mlango wetu, ingia. Anamwita siku tatu. Siku ya tatu, akishaamini kwamba amefika, anamuaga: umetuona, umekunywa maji, sasa lala. Anayeita lazima aage, hilo hata mtoto analijua. Mama Jeanne alimwomba Mechack arekodi yote, ili Mignonne, dada yake Samy aliyeko Likasi na ambaye hakuweza kufika, asikie naye alie. Hakumwomba mtu mwingine, kwa sababu Mechack alikuwa mtoto wa nyumba ile.

Huyo mtoto wa nyumba alichukua sehemu ya kuita, dakika saba, akaiweka chini ya mawe ya filamu. Sehemu ya kuaga akaikata. Alijiambia kwamba shujaa halali, shujaa anaruka, maneno ya kulala yangeharibu. Na kila palipotajwa jina la Samy alipafunika kwa mvumo wa upepo, ili lisitambulike. Ule upepo ndio unaoniambia kwamba alijua anachofanya.

Jumamosi ya kwanza ya filamu hiyo, wiki ileile ya bidoni, ukumbi wa sinema wa mzee wetu Tata Kazadi ulinyamaza vile alivyotaka. Ni chumba cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, na saa nane mchana ndani ni giza na joto. Sauti ile ilipoanza, wanawake walishika vichwa. Baadhi yetu tuliitambua. Sitajificha, niliitambua. Nikajiambia labda mama mwenyewe amekubali, nikaendelea kutazama, na mwisho nikasimama na wengine.

Jumamosi ya pili, shujaa alipoanza kuinuka, nyuma yake kwenye kona ya mawe alionekana mtu amesimama ametugeuzia mgongo, taa imefungwa kichwani, gunia begani, kaptula imeganda matope, na shujaa aliporuka na picha ikamfuata juu mawinguni, yule mtu hakwenda popote, alibaki palepale kwenye kitambaa cha kuonyeshea, na harufu ya udongo mbichi ikajaa ukumbini mpaka watu wa mbele wakavuta mashati puani.

Tata Kazadi aliwasha taa, akaja kumshika Mechack bega. "Ule mutu wa nyuma," akasema kwa sauti ya chini, "ulimuweka namna gani?"

Mechack hakuwa ameweka mtu yeyote. Tulikuwa tumegeuka wote tunamtazama, wengine tayari wamesimama, na hapo ndipo angeweza kusema, watu wangeogopa, wangemlaumu, yangekwisha.

"Ni ufundi wa montaji tu, tata," akajibu. "Niliifanyia kazi siku ine."

Tukamshangilia. Alitoka nje akatapika nyuma ya ukuta, nasi tukadhani ni pombe.

Tangu siku hiyo Mechack na mkewe wakaanza kusikia kugonga nyumbani kwao. Si usiku, hapana, mchana kweupe, Jémima akisonga bukari, ugali wetu. Chuma kiligonga mwamba chini ya sakafu, mara tatu, kimya, mara tatu tena. Mechack alielewa. Ndivyo wachimbaji wanavyogonga kwa baramina, ule mtaimbo wao, wanapofukiwa na wanataka walio juu wajue kwamba bado wako hai.

Jémima aliweka sikio chini. Aliponyanyuka, shavu lake lilikuwa na unyevu. "Mechack," akanong'ona, "huyu wa chini anagonga kila unapoingia, anakujua. Mbona unageuza uso, una haya ya nini?"

Alisema hana haya yoyote. Lakini bukari ilimshinda, na mkewe aliona. Akajifunga kitenge, akaenda kumwita Mwalimu Mansour, mzee wa watu wa Maniema, wale Waislamu wenye malori ya biashara, aliyejulikana mpaka Fungurume kwa kufukuza majini.

Mzee alikuja saa nne asubuhi. Alichoma ubani, akasoma kona zote nne, akasoma juu ya bidoni, na kila alipoanza aya mpya sakafu ya nyumba ilijibu, tatu, kimya, tatu, bila hasira, kama mtu anayesubiri zamu yake, hata mzee mwenyewe akaacha kusoma, akauzima ubani kwa vidole na kukaa kwenye kiti akimtazama Mechack muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Huyu si jini," akasema. "Jini ninamufukuza. Huyu aliitwa. Mutu mwenye aliitwa habamufukuze, banamuaga. Na mwenye kumuaga ni ule mwenye alimuita."

Jémima akauliza ni nani aliyemwita. Mzee akakusanya vitu vyake. Mechack naye akatazama viatu vyake.

Mnaona alivyokuwa na njia iliyo wazi. Nyumba ya Mama Jeanne ni safu tatu kutoka kwake, mwendo wa kumaliza sigara. Lakini aende akaseme nini? Kwamba kilio chako nilikitia chini ya mtu wa barakoa, mama, na watu wanakisikiliza wakila karanga? Aibu ilimbana, na aibu ikimbana mtu anatafuta ujanja. Rekodi yenyewe ilikuwa bado ipo nzima kwenye simu. Alimtuma Jémima sokoni, akapiga magoti jikoni, akaweka simu sakafuni, akawasha ile sehemu aliyoikata. Sauti ya Mama Jeanne ikasema umetuona, umekunywa maji, sasa lala.

Kugonga kukakoma. Mechack akashusha pumzi, na palepale harufu ya udongo ikapanda kwa nguvu, sakafu ikawa baridi chini ya magoti yake, na kutoka chini, karibu sana, karibu kuliko unene wa saruji, sauti aliyoisikia miaka minne akishusha kamba, sauti isiyo na ubaya wowote, ikauliza taratibu, "Mechack, mama iko wapi?"

Alikimbia peku, simu mkononi. Tulimwona akipita.

Mama Jeanne alikuwa ameketi mlangoni akipanga makala mafungu mafungu. Mechack alianguka mbele yake, akasema yote, hata ule upepo alioutia juu ya jina. Mama aliendelea kupanga makala mpaka akamaliza fungu.

"Juma mbili sasa minasikia sauti yangu mu njia," akasema. "Ku mapikipiki, ku masimu ya batoto. Nikasema nimepanda wazimu. Nikaona haya kuuliza mutu."

Mechack alilia. Mama hakumgusa. Akafuta mikono kwenye kitenge, akataka aonyeshwe hiyo filamu, akaingia naye ndani.

Mechack aliifungua kwenye simu pale mawe yanapoanguka, kisha akageuza uso, hakuweza kutazama. Kwa hiyo aliona uso wa Mama Jeanne tu. Aliuona ukitafuta, ukipata, halafu midomo ikaachana, na Mechack akajua kwamba yule mtu aliyetugeuzia mgongo sasa amegeuka. Simu ikasema neno moja, "Mama," na chumba kikanuka udongo.

Mechack alimshika Mama miguu. Alimsihi amuage, hata kwa neno moja, Samy apumzike na nyumba zipumzike.

"Nilimuaga juu ya vile mulinambia harudi," akasema Mama Jeanne, macho hayatoki kwenye simu. "Angalia. Amerudi."

"Mama, haiko muzuri kumushika mutu vile."

"Nani anasema? Weye?"

Mama aliegemeza simu kwenye gunia, akavuta kigoda cha pili karibu na chake.

"Funga mulango," akasema. "Asitoke tena."

Mechack akatoka, akaufunga nyuma yake. Alipofika kwake bidoni zilikuwa zimejaa na sakafu ilikuwa kimya. Jémima alimuuliza kama Mama Jeanne amemuaga mwanawe. Mechack akasema ndiyo, akala sahani nzima.

Mama Jeanne hajauza makala tangu siku hiyo. Tukienda sokoni tunapita mbele ya mlango wake, na ndani tunasikia watu wawili wakizungumza, mmoja akicheka kidogo, mwingine akikohoa vumbi. Tunaharakisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyebisha hodi.