Nimeshaamka, Nakuja!

"Umemuua mwanangu mara ya pili!"

Mama mkwe ndiye alinitupia maneno hayo, mlangoni kwangu, mchana kweupe, majirani wametoa vichwa madirishani!

Mkononi alikuwa ameshika simu. Nikaitazama vizuri...

Ilikuwa simu ya marehemu mume wangu! Ile yenye ufa pembeni mwa kioo, iliyopotea hospitali siku ya ajali. Tuliitafuta mpaka tukakata tamaa.

Jamani, ngojeni niwarudishe nyuma kidogo.

Mume wangu alikuwa anatengeneza programu za simu. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya kuita gari la wagonjwa. Unafungua, unabonyeza, dereva aliye karibu anapata taarifa. Alipofariki nikabaki nayo mimi na shemeji yangu, mdogo wake, kwenye kachumba ketu kenye meza tatu na feni inayopiga kelele.

Meza ya tatu hakuna aliyeikalia.

Sasa programu ile ilikuwa na ugonjwa mmoja. Inakaa kwenye seva, yaani kompyuta za mbali, na ikipita muda bila mtu kuitumia, seva zinaizima. Yaani inalala! Anayekuja baadaye anasubiri iwashwe upya, karibu dakika nzima.

Wakati unasubiri, kioo kinakuonyesha maneno aliyoyaandika marehemu mwenyewe:

"Nimeshaamka, nakuja!"

Watu waliona utani. Na mimi nilishayazoea, sikuyatilia maanani.

Siku moja msimamizi wa magari ya wagonjwa akanipigia, sauti kavu.

"Dada, kuna mama mwenye uchungu wa kujifungua amekodolea macho 'nakuja, nakuja' mpaka akabebwa na gari la jirani."

"Mungu wangu! Yuko salama?"

"Yuko salama, kwa bahati tu. Hii programu ikiendelea kulala, sisi tunahama."

Wakihama wale, kazi ya mume wangu inazikwa naye. Na safari nyingine bahati isingekuwepo!

Nikakaa chini nichunguze nani anaingia na lini. Hapo ndipo mwili ulinisisimka...

Kulikuwa na mtu anaingia kwa akaunti ya marehemu!

Haiti gari. Habonyezi chochote. Anasubiri programu ilale kabisa, anaifungua, ikishawaka tu anatoka. Ikilala tena, huyo anarudi!

Nikaanza kuogopa ofisi yangu mwenyewe. Nikifungua mlango asubuhi, macho yananipeleka kwanza kwenye ile meza ya tatu. Feni ikisukuma kiti chake kidogo, nashika kifua.

Lakini mzimu hauna simu, nikajiambia. Huyu ni mtu. Na mtu niliyemfikiria alikuwa amekaa mbele yangu.

"Shem, simu ya kaka yako unayo wewe?"

"Simu gani?"

"Usinizungushe! Unaingia kwa jina lake ili nichanganyikiwe, nikuachie programu!"

Akasukuma kiti nyuma, akasimama.

"Shem, mimi hata picha yake sijaweza kuitazama mpaka leo. Halafu unaniambia hivyo?"

Akachukua begi lake, akatoka.

Nikabaki peke yangu na hasira zangu. Nikapanga seva moja ikae macho muda wote, awepo mtu asiwepo. Nikajaribu. Programu ikafunguka kufumba na kufumbua, hata yale maneno ya kusubiri hayakutokea! Msimamizi wa magari akapiga kunishukuru.

Nikasema, sasa na huyo mgeni wangu nitamwona.

Alikuja siku ileile. Akafungua, akafunga. Akafungua, akafunga. Tena na tena... kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Kesho yake ndiyo mama mkwe akaja na yale maneno.

Nikamvuta ndani, nikafunga mlango.

"Mama, simu hii umeitoa wapi?"

"Ilikuwa ndani ya nguo zake, hospitali. Nikaificha. Mngeninyang'anya."

"Mama..."

"Umemfanya nini mwanangu? Namgongea, hajibu!"

Nikadhani uchungu umempanda kichwani. Akakaa, akaiweka simu mapajani na kuifuta kioo kwa kiganja.

"Alipokuwa mdogo nilikuwa namgongea kila asubuhi aende shule. Ananijibu kutoka huko kitandani, 'Nimeshaamka, nakuja!' Mwongo yule! Hata shuka hajatoa."

Akacheka kidogo. Halafu machozi.

"Baada ya mazishi nikafungua humu, nikaona amenijibu. Maneno yaleyale, mwanangu! Tangu hapo namwacha alale, halafu namgongea. Na ananijibu. Jana nimegonga siku nzima..."

Ndugu zangu, nililia mpaka nikakosa sauti. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kujua maneno yale yametoka wapi!

Nikampigia shemeji. Nikamwomba msamaha huku nalia. Hakuniambia mengi, ila alikuja.

Tukatengeneza programu nyingine, ndogo, haiiti gari lolote. Ina yale maneno tu. Ile kubwa ikabaki macho kwa ajili ya wagonjwa.

"Na hii tuiweke macho?" shemeji akauliza, kwa mazoea ya kazi.

"Hapana. Iache ilale."

Mama akaifungua. Kioo kikakaa kimya kidogo, halafu...

"Nimeshaamka, nakuja!"

"Mwongo wewe," mama akasema, anaibusu simu.

Mnadhani imeisha hapo? Bado!

Baada ya muda mama akarudi, amenuna.

"Ameacha kujibu tena!"

Nikaangalia. Kweli, ile programu ndogo ilikuwa hailali kabisa. Kuna watu wanaingia humo kutwa nzima, haipati nafasi ya kuzimika!

Mmoja nilimjua mara moja. Nilikuwa mimi.

Ndiyo. Nilikuwa naifungua kwa siri kila nikibaki peke yangu, nasubiri anijibu. Lakini mimi peke yangu nisingeweza kuizuia kulala hivyo. Nikageuka taratibu kumtazama shemeji.

Alikuwa anaficha simu chini ya meza.

"Shem... huwa naingia kidogo tu," akasema. "Picha siwezi. Hii naweza."

Mama akatutazama wote wawili. Kumbe tulikuwa watatu, kila mmoja anagonga kwa kujificha, na kwa kugonga kwetu tunanyimana jibu!

"Nyie watoto," akasema, "si mumwache mwenzenu alale!"

Tukacheka. Tukalia. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi tulilia chumba kimoja.

Wewe unayesoma hapa, kama mna msiba nyumbani, acheni kujifungia nao kila mtu kwake. Ulizaneni. Huenda mwenzako anagonga mlango uleule.

Siku hizi tuna zamu. Asubuhi ni ya mama, mchana shemeji, jioni mimi. Zamu yangu ikifika nafungua, naweka simu kwenye meza ya tatu, nakaa kwenye kiti chake.

Najua hatakuja. Lakini akishanijibu, siondoki mpaka maneno yafutike kwenye kioo.