Boneti Nyekundu ya Farouk

Kila alasiri Hadiya alirudi kutoka shule, akavua sare, akajifunga kitambaa puani na kuingia kibandani kwa baba yake. Tangu kiwanda cha pamba kilipompunguza kazini, Fundi Shaibu aliishi kwa faibaglasi. Alitandaza nyuzi za kioo kwenye kalibu, akazipaka gundi, na zilipokauka akapata boneti nyepesi ya gari la mashindano. Hadiya ndiye aliyechanganya gundi na dawa ya kugandisha. Kopo moja la gundi, kifuniko kimoja cha soda cha dawa, basi.

Ijumaa moja mvua ilinyesha Mwanza nzima na tabaka la kwanza likachelewa kuganda. Boneti ilikuwa ya Farouk, dereva wa mbio, naye aliitaka kesho yake. Baba alikuwa ameenda kuswali. Hadiya alichoka kusubiri, akatia vifuniko vitatu kwenye kopo la mwisho. Gundi ilichemka, ikakauka haraka. Karibu na bawaba zikatokea nyufa nyembamba kama nywele. Akazifunika kwa rangi nyekundu, akanyamaza.

Jumamosi Farouk aliinyanyua boneti kwa mkono mmoja, akacheka.

"Fundi Shaibu, nyepesi kama sinia! Leo njia ya Magu watanikoma."

Hadiya alijua kuwa boneti ikikatika kwenye bawaba huruka na kumziba dereva macho.

"Mjomba Farouk, usiende nayo!" alisema huku akilia, kisha akaeleza yote.

Baba alishika kona ya boneti, akaipinda kidogo tu. Ikakatika. Farouk aliondoka na boneti yake ya zamani ya chuma, wala hakuaga. Baba alikaa juu ya kopo tupu, uso ameuficha viganjani, na Hadiya hakuthubutu kumsogelea.

Jioni Farouk alirudi, gari limejaa tope. Alikuwa wa mwisho kwenye mbio.

"Shikamoo," Hadiya alinong'ona.

"Marahaba. Fundi, nitengenezee nyingine. Achanganye huyu huyu."

"Baada ya aibu hii?" Baba aliuliza.

"Wanaojua kuchanganya gundi ni wengi. Wa kuniambia nisiende, na kosa ni lake mwenyewe, nimempata huyu tu."

Baba akamgeukia Hadiya. Hakutabasamu.

"Umesema kweli, mwanangu, ndiyo maana yuko hai. Umechelewa kusema, ndiyo maana ameshindwa. Siku nyingine ukikosea, sema kabla hujapaka rangi."